Chuma cha Milimita 187 Mezani kwa Mama Kamba

Saa moja na robo asubuhi, kabla mhudumu wa ofisi hajamaliza kupiga deki kwenye korido, Mama Kamba ameshafika mezani kwake. Anakaa kwa awamu mbili, kama wakaavyo watu wenye magoti mabovu: kwanza mkono juu ya meza, halafu mwili. Anawasha kompyuta. Mashine ikiwa bado inaunguruma, anasogeza kipande cha chuma kilicholalia karatasi zake, anakifuta vumbi kwa kiganja na kukirudisha palepale.

Chuma chenyewe hakina sura ya kukaa ofisini. Ni kipande cha boriti, kifupi kuliko rula ya mtoto wa shule, kina uzito wa karibu kilo tano, na upande mmoja bado una mikwaruzo ya grenda. Mgeni akikiinua kwa mkono mmoja, huwa harudii.

"Hiki nacho cha nini, mama?" huuliza.

"Hicho? Hicho ndicho kilichotaka kunifukuza kazi," hujibu Mama Kamba, na cheko lake hufika mpaka mapokezi.

Skrini inawaka. Mbele yake upo mlima, ila si wa kumtisha mtu: ni mistari ya kijivu na nukta nyingi ndogo, kila nukta na namba yake ya mwinuko. Anasogeza mausi, anagusa nukta moja, anagusa nyingine. Programu inamletea majibu katika mistari minne. Wengi hapo husoma wa kwanza wakaendelea na shughuli zao. Yeye anashuka na kidole mstari kwa mstari mpaka wa mwisho, midomo ikicheza. Kisha anaulaza mchoro ubavu na kuuchungulia.

"Ukitazama kutoka juu, mlima na uwanja wa mpira ni ndugu," anasema bila kugeuka. "Mpaka uuinamishe ndipo utajua nani ni nani."

Mama Kamba ana miaka arobaini na minne na ni mchora ramani katika ofisi ya ujenzi yenye watu sita, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kupima, ndani ya kompyuta, umbali wa bapa kati ya vitu visivyo na kimo kimoja: nguzo na nguzo, ukuta na ukuta, jiwe la mpaka lililo kilimani na lenzake lililo bondeni.

Ukimwambia hujaelewa, haudhiki. Anaichukua rula na kuiegemeza kwenye kikombe cha chai.

"Ona. Urefu wa rula ni mmoja. Kutoka mguu wa rula mpaka kwenye kikombe, hapa mezani, ni mwingine. Ule wa rula ni mshazari, huu wa mezani ni bapa. Nyumba na madaraja tunayapanga kwa huu wa mezani. Sasa mtu akichanganya..."

Hamalizii. Anakitazama kile chuma tu.

Jina la Mama Kamba hakupewa na wazazi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mshika tepu wa mpima ardhi mmoja mzee, bwana mwenye kofia pana na subira fupi. Mafundi walimwona kila siku na tepu ya mita hamsini begani, wakambatiza. Jina likamfuata mpaka nyumbani, siku hizi hata mumewe humwita hivyo akitaka kumtania.

Kazi ilikuwa ya kibarua. Mwezi mzuri ulikuwa na siku kumi na nne za kazi, mwezi mbaya siku sita. Kwenye miteremko yeye ndiye aliyewekwa chini siku zote. Mpima alishika mwanzo wa tepu juu, kwenye udongo, na yeye huku bondeni aliinua mwisho wake mpaka tepu ikae sawasawa, kisha timazi ikaning'inizwa kutoka mkononi mwake kuonyesha pale kipimo kilipoangukia. Mteremko ukiwa mkali walikwenda kwa vipande vifupi vifupi, kama watu wanaoshuka ngazi.

"Mikono juu tangu asubuhi, ungedhani nimekamatwa na polisi," anasema. "Na yule mzee kule juu ni neno moja tu kutwa nzima: 'Bapa! Bapa, mama! Inua! Bapa!' Nililisikia mpaka ndotoni. Mume wangu alinieleza kuwa nilikuwa nikilitamka nimelala."

Miaka minane iliyopita, udongo wenye unyevu ulimtoka chini ya mguu. Aliteleza mpaka kwenye mtaro na goti la kulia likajipinda. La kushoto likabeba kazi ya yote mawili, nalo likachoka. Daktari alimpa vidonge na maneno machache: vilima basi.

"Nililia," anasema wazi. "Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilijua kitu kimoja tu duniani, nacho kilikuwa kwenye vilima."

Mumewe ni fundi cherehani mwenye kibanda cha mashine mbili. Ndiye aliyemwambia ajifunze kompyuta. Mama Kamba alimcheka: mwanamke wa makamo, vidole vigumu kwa kushika tepu, akae na watoto waliomaliza shule juzi? Fundi hakubishana. Alishona sare za shule moja usiku na mchana kwa wiki tatu, akamlipia muhula wa kwanza kabla hajaulizwa.

Ilimchukua miaka miwili ya masomo ya jioni, kisha mingine minne ya kuchora vyumba vya kuongeza na vyoo vya nje kwa watu wa mtaani. Mwaka jana ofisi hii ikamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Mshahara wa mwezi mmoja ulizidi alichokuwa akikipata kwa miezi mitatu ya tepu. Ukiisha muda wa majaribio, ama mkataba, ama asante kwaheri.

Na asante kwaheri ingempeleka wapi? Kilimani hawezi kurudi. Mtaani vyumba vya kuongeza vimekuwa haba. Kila asubuhi ya miezi ile mitatu alipanda ngazi za duka la rangi akiwa na wazo hilo tumboni.

"Nilikuwa siombi makuu," anasema. "Nilikuwa naomba nisikosee."

Basi akakosea.

Kazi yenyewe ilikuwa kivuko cha waenda kwa miguu juu ya korongo linaloutenga mtaa mmoja na zahanati. Nguzo zilikuwa zimeshasimama: moja ukingo wa huku, moja ukingo wa ng'ambo, na ya kusaidia katikati. Yeye alipewa kuchora mihimili miwili ya chuma ya kukaa kati ya zile za ukingoni, bapa kabisa, pamoja na mbao za kukanyagia. Ulikuwa mchoro wake wa kwanza wa kutoka nje ya ofisi ukiwa na herufi zake kwenye kisanduku cha "Imechorwa na".

Nguzo ya huku iliishia usawa wa njia. Ya ng'ambo iliendelea kupanda mita tatu zaidi ili ibebe taa. Kwenye skrini, ukitazama kutoka juu kama ndege, tofauti hiyo huioni. Kila nguzo ni kijisanduku kidogo. Mama Kamba akagusa kona ya kijisanduku cha kwanza, akagusa kona ya cha pili. Programu, kwa kawaida yake ya kudaka ncha iliyo karibu, ikadaka kichwa cha nguzo ya huku na kichwa cha nguzo ya taa.

Mita ishirini na nne, milimita mia moja themanini na saba. Akaandika.

Injinia, ambaye ndiye mwenye ofisi, akaukagua mchoro. Akagusa huku, akagusa kule, akapata ileile. Akasaini kwenye kisanduku cha "Imekaguliwa na". Mchoro ukaenda karakana.

Zilipita siku tano za amani. Siku ya sita, Jumanne, simu ya mezani ikalia, na aliyekuwa upande wa pili ni Mzee Cheche.

Mzee Cheche ni fundi wa kuchomelea. Ana miaka sitini na kitu, nyusi zake ziliungua zamani na hazikurudi, na akiongea kwenye simu hupiga kelele kwa sababu karakana haijawahi kunyamaza.

"Mwanangu!" alianza. "Hiki kijipande ni cha nini?"

"Kijipande gani, mzee wangu?"

"Chuma kinakuja mita sita sita. Vinne ni ishirini na nne, hata mtoto anajua. Mimi nimechora na Injinia kwenye vumbi hapa mwaka jana, akaniambia korongo tumelipangia mita ishirini na nne ili tusikate kitu. Leo karatasi yako inaniambia niongeze kila mhimili kijipande kama cha kushikizia mlango. Nimenunua chuma kizima kingine ili nikate viwili. Nimekata. Sasa naviangalia na vyenyewe vinaniangalia. Nani anaunga kijipande hiki mwisho wa mhimili?"

Mama Kamba alimwambia asubiri. Akaufungua mchoro, akapima tena, ikaja ileile. Hapo karibu amjibu kwamba kipimo ni kipimo. Lakini kidole, kwa bahati, kikateremka kwenye skrini. Mstari wa kwanza, umbali. Wa pili na wa tatu, kwenda mashariki na kwenda kaskazini. Wa nne, kupanda: mita tatu kamili.

Akauinamisha mchoro. Ule mstari aliouona kutoka juu ukiwa umelala kama mtoto mchanga ulikuwa unapanda kutoka ukingoni moja kwa moja mpaka kwenye taa.

"Jamani," anasimulia, akinyoosha vidole vinne. "Programu haikunidanganya hata kidogo. Iliniandikia kila kitu, mistari minne. Mimi nikasoma mmoja nikaona inatosha."

Na kilichomchoma zaidi si hicho. Miaka kumi na mmoja alikuwa mtu wa bapa. Angeweza kuamshwa usingizini akanyoosha tepu sawasawa. Kosa la mshazari ni kosa la mtu asiyewahi kukanyaga mlima, na sasa amelifanya yeye.

Amelifikiria sana tangu siku ile, na jibu lake ni hili: "Kule nje nilikuwa nasikia mlima kwenye magoti. Mguu ukipanda, akili inajua umepanda. Kwenye kompyuta mlima hauchoshi. Nilikaa kwenye kiti cha magurudumu nikapanda mita tatu na goti halikuniambia kitu."

Kwenye simu Mzee Cheche alikuwa bado anasubiri, grenda ikilia nyuma yake.

"Mzee wangu," alisema, "umeshaviunga?"

"Mimi? Kipande cha mwisho siungi mpaka nimevuta kamba pale pale kwenye kazi. Marehemu fundi wangu alinipiga kofi kwa jambo hilo, sijasahau mpaka leo. Vimelala hapa sakafuni."

Mama Kamba aliketi. Hakukumbuka hata kwamba alikuwa amesimama.

"Nimekosea mimi," alimwambia.

Mzee akashusha sauti, jambo ambalo ni nadra. "Sikiliza, binti yangu. Najua uko kwenye majaribio. Chora nyingine, nitumie, hii nitawashia jiko. Mimi ni mzee, macho yangu hayaoni vizuri."

Mama Kamba hafichi kwamba alitamani. Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya siku ya mkataba. Angechora upya kwa robo saa. Nani angejua?

Lakini oda ya mbao ilikuwa imeshahesabiwa kwa kipimo kilekile. Vyuma vya kushikia navyo. Na Alhamisi winchi ya kukodi ilikuwa inakuja kupakia mihimili na kuiteremsha kati ya nguzo. Uongo ungehitaji kutunzwa sehemu nne kwa wakati mmoja, na mbali ya hayo, saini ya Injinia ilikuwa juu ya kosa lake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," anasema. "Nikamwambia mzee, Mungu akubariki, ila acha tu niende nikaumbuke mwenyewe."

Chumba cha Injinia kiko hatua tisa kutoka mezani kwake, na anasema siku ile zilikuwa tisini. Alimkuta akimenya chungwa juu ya gazeti. Mama Kamba hakukaa.

"Injinia, nimekosea kivuko."

"Kosa gani, mama?"

"Mihimili. Nimepima mshazari."

Injinia, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi, akajifuta mikono, akaufungua mchoro kwenye kompyuta yake. Akagusa nguzo, akagusa nguzo. "Mbona iko sawa? Ishirini na nne, mia na themanini na saba. Hata mimi nilipata hivi."

"Uinamishe, Injinia."

Akauinamisha. Kutoka duka la rangi chini ilisikika sauti ya mtu akitingisha kopo. Injinia alivua miwani, akaivaa, akaisogelea skrini kana kwamba ule mstari ungeona aibu na kushuka wenyewe.

"Nilipima palepale ulipopima wewe," alisema hatimaye. "Nikaita kukagua."

"Ndiyo, Injinia."

"Mzee ameshaunga?"

"Hajaunga. Haungi cha mwisho mpaka avute kamba."

Hapo ndipo Mama Kamba alipomwona bosi wake, kwa mara ya kwanza, akiegemea kiti na kushusha pumzi ndefu mpaka ganda la chungwa likasogea mezani. "Alhamdulillahi," alisema. Kisha akasema tena. Kisha, kitu kisichotarajiwa, akamkatia nusu ya chungwa.

"Sikuwa na hamu hata ya maji," anakumbuka Mama Kamba. "Lakini bosi akikupa chungwa siku uliyomharibia kazi, unakula na mbegu zake."

Kuhusu mkataba hakusema neno. Alisema tu kwamba kesho yake asubuhi waende wakapime kwa mkono, na yeye Mama Kamba aje.

Jioni hiyo nyumbani hakukulika. Mumewe alikuwa anapinda suruali ya mteja, pini mdomoni, akamsikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso. Alipotoa pini aliuliza swali moja tu.

"Umezidisha au umepunguza?"

"Nimezidisha."

"Kwa hiyo unalilia nini? Ukiniletea kitambaa kirefu, nakata, na kinachobaki nashonea mfuko. Ukiniletea kifupi ndiyo tunatafutana na mteja."

Mama Kamba alimwona kama anamchukulia kazi yake mchezo, akataka kumjibu. Halafu jambo likamwingia. Rula iliyoegemea kikombe haiwezi hata siku moja kuwa fupi kuliko umbali wa mezani. Mshazari siku zote ni mrefu. Mtu akikosea kosa lile, hata akilikosea mara mia, atazidisha mara mia. Kati ya makosa yote ya kazi hii, alikuwa amejikwaa kwenye lile linalokatika kwa grenda.

"Usiku ule nililala," anasema. "Si sana, lakini nililala."

Asubuhi walikuwa watatu ukingoni: Injinia, Mzee Cheche, na yeye. Mzee alikuja na kamba yake na vile vipande viwili ndani ya gunia, kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani. Mama Kamba alikuja na tepu yake ya zamani. Ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango wa chumbani kwa miaka saba.

Injinia alishika mwanzo kwenye nguzo ya huku. Mama Kamba akavuka kwa njia ya chini, polepole, Mzee Cheche akimpa mkono penye mawe, mpaka ng'ambo. Upande ule ardhi iko chini zaidi. Kwa hiyo, kama zamani, yeye ndiye aliyekuwa bondeni. Akanyoosha mikono juu ya kichwa, tepu ikakazika mpaka ikaacha kulegea katikati, na kabla hajajua anafanya nini alisikia sauti yake mwenyewe ikivuma korongoni.

"Bapa, Injinia! Inua kidogo! Bapa!"

Injinia akainua. Mzee Cheche alicheka mpaka akashika kiuno. "Leo bosi ndiye kibarua!"

Mita ishirini na nne. Akasoma tena. Mita ishirini na nne, na wembamba wa unywele.

"Machozi yalinitoka na mikono iko juu, siwezi hata kufuta," anasema Mama Kamba. "Nilisimama hivyo hivyo. Wale wawili wakajifanya wanatazama korongo."

Mihimili iliungwa siku hiyohiyo, vipande vinne vinne, na mzee akaiparua kidogo miisho ili chuma kipate nafasi ya kutanuka wakati wa jua. Oda ya mbao ilisahihishwa kwa simu moja. Alhamisi winchi ikaishusha mihimili kati ya nguzo ikakaa mahali pake bila kusukumwa. Chuma kile cha ziada kilichonunuliwa kiligeuzwa miguu ya vyuma vya kushikia. Hasara iliyobaki ilikuwa vile vijipande viwili. Kimoja Mzee Cheche anashikizia mlango wa karakana, kama alivyokitabiria. Kingine alikuja nacho ofisini mwenyewe, akapanda nacho ngazi, akakitua mezani kwa Mama Kamba na kishindo.

"Huyu ni wako," alimwambia. "Mlee."

Siku kumi zikaisha. Ijumaa ile Injinia alimwita chumbani. Mezani kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mkataba. Mama Kamba anakiri kwamba hakuusoma palepale, herufi zilikuwa zinacheza.

"Nikamuuliza, Injinia, na lile kosa je? Akaniambia, kosa tulifanya wawili, lakini mlangoni kwangu ulikuja peke yako. Akaniambia, kuteleza si kuanguka. Basi. Akarudi kwenye kompyuta yake. Yule bwana maneno kwake ni kama yanauzwa."

Karatasi ya pili ilikuwa kiolezo kipya cha michoro ya ofisi. Kwenye kona ya chini, palipokuwa na visanduku viwili, sasa vilikuwa vitatu: "Imechorwa na", "Imekaguliwa na", na cha tatu kimeandikwa neno moja tu, "Bapa". Hakuna mchoro unaotoka siku hizi bila mtu kuweka herufi zake hapo, na mtu huyo lazima awe amepima kwa njia nyingine, siyo kugusa palepale alipogusa mwenzake. Mama Kamba ana njia yake: huziteremsha nukta zote sakafuni, kwenye mwinuko sifuri, ndipo hupima.

Wenzake walimtania kwa mwezi mzima. Mhudumu wa ofisi akimletea chai alikuwa anauliza kama kikombe kimekaa bapa. Yeye naye hakuwabakiza. Aliyekosa kujaza kisanduku alirudishiwa karatasi yake mbele za watu.

Kivuko kilifunguliwa bila sherehe. Waliondoa tu mapipa yaliyokuwa yamezuia njia, na mtu wa kwanza kupita alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni akienda zahanati, ambaye hakutazama chini wala pembeni. Mama Kamba alipita wa tatu au wa nne. Alikwenda mpaka mwisho, akageuka, akarudi, akaenda tena.

"Watu wakadhani nimepoteza kitu," anasema. "Nilikuwa nayasikiliza magoti. Yamenyamaza! Mwanzo mpaka mwisho, kimya. Nikasema, basi hii ndiyo bapa."

Na leo? Leo, kwenye ule mlima wa mistari ya kijivu, anachora kazi mpya: ngazi za zege kutoka mwisho wa kivuko kupanda mpaka lango la zahanati. Hapo sasa kuna njia ya udongo ambayo mvua ikinyesha huwapiga watu mieleka. Ni vidato sitini na viwili, na sehemu tatu za kupumzikia. Ofisi ilipanga sehemu mbili. Ya tatu ameiombea mwenyewe, na alipoulizwa sababu alipandisha sketi kidogo akaonyesha goti.

Kila kidato amekipima kwa bapa, akakiwekea herufi. Lakini pembeni mwa ngazi kutakuwa na chuma cha kushikia, na chuma hicho kitapanda kikifuata mwinamo wa mlima. Anagusa nukta ya chini kabisa, anagusa ya juu kabisa. Mistari minne inakuja. Anasoma wote, mpaka wa mwisho, ule wa kupanda. Kisha anarudi juu, kwenye mstari wa kwanza, na kutabasamu.

"Hapa ndipo mahali pake," anasema. "Safari hii mshazari ndio ninaoutaka. Niliuchukia bure, kumbe nao una kazi yake."

Anaandika urefu wa chuma cha kushikia. Simu anainyanyua mwenyewe. Huko karakana grenda inalia, na mtu anapiga kelele kuuliza nani.

"Mimi, mzee wangu, Mama Kamba. Nakuletea mchoro. Kipande cha mwisho usikikate, nakuja tuvute kamba wote."

Anasema hana ndoto kubwa ya kutangaza gazetini. Anataka ngazi zikamilike kabla ya mvua, na siku zitakapokauka apande toka chini hadi langoni, mkono kwenye chuma, mumewe nyuma yake, wasimame mara tatu kama ilivyochorwa. Daktari aliyempa vidonge miaka minane iliyopita bado yupo zahanati ileile.

"Nataka nimgongee mlango," anasema Mama Kamba, akikivuta kile chuma juu ya karatasi zake ili upepo wa feni usizichukue. "Aliniambia vilima basi. Nimwambie, daktari, nimekuja kwa miguu."